Gari Lililonyimwa Mteremko

Muulize mtu yeyote wa Kibugu, atakwambia Ndambiri hakuwahi kumuua mtu barabarani. Ndivyo walivyosema hata kwenye mazishi ya mke wake, mmoja baada ya mwingine, wameshika kipaza sauti, naye ameketi pale mbele kwenye kiti cha plastiki akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake. Nilitamani kusimama niwanyang'anye kile kipaza sauti. Nilijizuia kwa sababu marehemu alikuwa dada yangu mdogo na siku ile ilikuwa yake.

Naitwa Nelius. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kusahihisha watu kumebaki kuwa ugonjwa wangu. Ndambiri alimwoa dada yangu Ruguru nikiwa tayari mwalimu, kwa hiyo nimemjua shemeji huyu tangu akiwa kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, utingo wa lori la majani chai. Nimemsema sana, mbele yake na nyuma ya mgongo wake. Nitamsema na hapa pia. Lakini nitajitahidi kumtendea haki, maana sijaona mwanamume aliyempenda mke kama alivyompenda Ruguru, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Kwetu Kibugu, ukienda popote unateremka, na ukitoka popote unapanda. Juu yetu kuna msitu wa mlima tu, na ndani ya msitu hakuna anayetungoja. Kazi ya Ndambiri, alipopandishwa kutoka utingo hadi dereva, ilikuwa kuzunguka vituo vya majani vilivyo karibu na msitu na kuyashusha majani hadi kiwandani. Asubuhi anapanda na lori tupu, jioni anateremka na lori limejaa. Dereva mzee aliyemfundisha alimpa siri ambayo haikuwa siri, kwa sababu kila dereva wa huku aliijua. Ukifika kwenye mteremko, toa gia. Weka frii, injini inyamaze, uliache lori lishuke kwa uzito wake, nawe uwe unagusa breki kidogo kidogo. Mafuta yanabaki kwenye tangi.

Askari wa barabarani wanakataza, na kila dereva anajua wanakataza. Huku kwetu madereva hawajali. Dereva anayeteremka na gia huonekana mshamba, au mtu anayechoma mafuta yasiyo yake. Ndambiri akawa bingwa wa jambo hilo. Alikuwa akitoka kituo cha juu kabisa na kufika kiwandani injini yake ikiwa imelala, akateleza kwenye kona za matope wakati wa mvua bila kumgusa hata kuku. Alikuwa akiniambia, "Mama Mugendi, injini ikipiga kelele ujue inakula. Ikinyamaza, hakuna kitu inakula." Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo juu ya magari, na kwa gari la zamani la kabureta ilikuwa elimu ya kutosha kabisa.

Jioni akikaribia nyumbani alipiga honi mara moja kwenye kona ya chini. Ruguru akiisikia anaweka maji ya chai jikoni. Yeye Ruguru alikuwa mwenye maneno mengi, sauti ya pili kwenye kwaya, kicheko kinasikika mpaka shamba la jirani. Mumewe alikuwa wa kunyamaza. Nilizoea kumtania dada yangu kwamba ameolewa na kiti. Alinijibu kwamba afadhali kiti kinachojua njia ya kurudi nyumbani, kwa sababu wangu mimi alikuwa ameshapotea Nairobi siku nyingi.

Ndambiri alistaafu, wakafurahia pamoja msimu mmoja tu wa majani, kisha miguu ya Ruguru ikaanza kuvimba. Tukadhani ni kusimama shambani. Kumbe ni figo. Daktari akamkataza ndizi, ambazo alizipenda kuliko nyama, akampimia maji ya kunywa kwa kikombe, na akasema lazima damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, maisha yake yote. Mashine ziko mjini Embu. Akikosa mara moja, maji yanajaa mwilini. Akikosa zaidi yanaingia kwenye mapafu, na mtu anazama akiwa kitandani kwake. Daktari alitueleza hivyohivyo, bila kupaka sukari, na namshukuru.

Kuanzia siku hiyo, maisha ya dada yangu yakawa barabara. Kushuka akiwa amejaa maji, kupanda akiwa amekauka na kuishiwa nguvu.

Mwanzoni alibebwa na pikapu ya Gachoki, jirani yetu. Ni gari la petroli la miaka mingi, lenye milango isiyofunga vizuri. Kwa haki yake, pikapu ile haikuwahi kumkatalia. Ikiharibika, Gachoki anafungua boneti, anapigapiga kitu kwa spana, inawaka. Fundi wake ni kila mtu, na mafuta yake yako kila kituo. Lakini ilikunywa petroli bila adabu, hasa kwa kupanda, na harufu yake ilimtapisha Ruguru kila safari. Mgonjwa aliyekatazwa kunywa maji mengi, halafu anatapika hata hayo kidogo. Ndambiri alikuwa anamshikia mfuko wa plastiki, uso wake umekunjamana, na nilijua siku moja atanunua gari lake.

Mwanangu Mugendi anafanya kazi na kampuni moja pale Embu ambayo ina magari ya umeme. Jumapili moja aliruhusiwa kutumia moja, akaja nalo nyumbani kwa Ndambiri baada ya kanisa. Tukampandisha Ruguru mbele, sisi wawili nyuma, tukashuka mjini na kurudi. Nitasema ukweli, sijawahi kupanda kitu kizuri namna ile. Hakuna harufu, hakuna mtetemo. Ruguru aliimba njia nzima.

Tulipokuwa tukishuka, Mugendi alituonyesha kioo kilicho mbele ya usukani. "Baba Kaari, angalia hiyo namba ya betri. Tukishuka inapanda." Kaari ni binti wa Ndambiri, anayefanya kazi ughaibuni, na sisi sote tunamwita baba yake kwa jina hilo.

"Inapanda vipi na hatujasimama kuichaji?"

"Mota ikishika magurudumu, inatengeneza stima. Inajichaji yenyewe."

Ndambiri alitazama ile namba. "Hiyo mita inakudanganya, kijana," akasema. "Gari haiwezi shiba ikiteremka. Ikiteremka inapumzika." Tukacheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu lilikuwa neno zuri.

Jioni ile tulikaa sebuleni tukapima magari matatu. La umeme, Mugendi alilitetea vizuri. Safari ni fupi, gharama yake ni ndogo kuliko yote, na halina vitu vingi vya kuharibika. Lakini Ndambiri alimwonyesha kwa kidole taa iliyokuwa inafifiafifia juu yetu. Huku msituni mti ukianguka kwenye waya wakati wa mvua, tunakaa gizani hadi watu wa stima wakumbuke kwamba tupo. "Na siku hiyo ikiwa Jumanne?" akauliza. Mugendi akakubali kwamba la umeme limeshindwa. La petroli kama la Gachoki, Ruguru mwenyewe alilikataa kwa mkono kabla halijatajwa vizuri. Likabaki la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme vikisaidiana. Halihitaji kuchomekwa ukutani. Halinywi sana. Kukiwa na petroli linaenda, na harufu yake ni kidogo.

Alichagua vizuri. Nimelirudia jambo hili kichwani nikitafuta kosa pale, sikulipata. Kwa mgonjwa wetu, kwa barabara yetu na kwa stima yetu, hilo ndilo lililokuwa gari la kununua.

Akauza ng'ombe, Kaari akatuma kilichobaki, na gari dogo jeupe likaja, limeshatumika ng'ambo kama yanavyokuja mengi. Jumapili iliyofuata mchungaji aliweka mkono juu ya boneti, nasi tukanyoosha mikono yetu kulielekea gari, tukaliombea lisione damu wala ajali. Maombi yale yalijibiwa neno kwa neno. Halikuona damu wala ajali.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya heri. Nilikuwa naandamana nao siku nyingi, mimi nyuma na Ruguru pamoja na mito yake, Ndambiri usukanini amevaa koti la kanisani. Tukitoka tu getini, mkono wake ulishika kigia, kile kijiti cha gia, na kukisukuma. Sikujua maana yake, mimi si dereva. Nilichojua ni kwamba gari lilinyamaza kabisa, likawa linateleza kuelekea mjini bila sauti ila upepo na magurudumu. Na katika kimya kile, dada yangu alilala. Mtu mwenye figo mbovu halali usiku, anawashwa ngozi, miguu inamchezacheza. Ruguru hakuwa analala popote duniani isipokuwa kwenye mteremko wa kutoka Kibugu hadi Embu. Ndambiri alimtazama kwenye kioo kidogo cha juu na kuteremka polepole zaidi ili usingizi uwe mrefu. Kwangu mimi huo ulikuwa upendo, na bado nasema ulikuwa upendo.

Kurudi ndiko kulikokuwa na shida. Gari lilipanda likilia, likipoteza nguvu kona baada ya kona. Ndambiri alisema ni dogo, milima yetu imelishinda. Kisha taa nyekundu yenye umbo la pembetatu ikaanza kujitokeza mbele yake, inawaka na kuzimika. Akalipeleka kwa Joyline, fundi msichana mwenye gereji kando ya barabara ya Embu, aliyesomea magari ya namna hii. Maneno yaliyosemwa huko sikuyajua wakati ule. Joyline alinieleza baadaye, na nayaandika kama alivyoniambia.

"Mzee, unateremka na frii?"

"Kwani kuna njia ingine?"

"Usiweke frii hata siku moja. Hii gari chakula yake iko kwa mteremko. Ukishuka na gia, betri inajaa, halafu ukipanda inakusaidia. Ukiweka frii hakuna kitu inaingia. Kule mlima mkali weka hii herufi B. Itapiga kelele, lakini hiyo kelele si mafuta, ni injini inakusaidia kushika gari."

Akamwambia betri imeshaanza kuchoka kwa kushindishwa njaa, lakini akibadilisha uendeshaji itamvusha mwaka au zaidi. Ndambiri alimshukuru, akamlipa, akasema amesikia.

Na alijaribu. Hili nalijua kwa sababu nilikuwemo garini wiki ile. Alipoliacha kwenye gia ya kawaida, alilalamika kwamba linamshika kama mtu anayemvuta koti kwa nyuma, linamnyang'anya mwendo ambao Mungu amempa bure. Tulipofika penye mteremko mkali akavuta kigia hadi ile B, na injini ikanguruma ghafla. Ruguru alikuwa ndiyo kwanza anasinzia. Akaruka, akanishika mkono.

"Baba Kaari, gari inalia nini?"

"Hakuna kitu," akasema. Ikaendelea kunguruma. Ruguru akajaribu kufumba macho, akashindwa, akaanza kujikuna mikono. Nilimwona Ndambiri akimtazama kwenye kioo. Alimtazama, akatazama barabara, akamtazama tena. Kisha mkono wake ukasukuma kigia, kimya kikarudi, na kabla hatujafika kona inayofuata dada yangu alikuwa amelala begani kwangu.

Ndambiri alikuwa ameishi maisha yake yote akiamini sikio lake. Sikio lilimwambia kelele ni mafuta yanaungua. Mkewe naye alimwambia kelele inamnyima usingizi. Joyline alikuwa mmoja tu, na hakuwepo garini.

Mvua za masika zilikuja kwa hasira mwaka huo. Mto ukafurika, mabomba yakazolewa, mji mzima ukakosa maji safi, na mashine za kusafisha damu haziwezi kufanya kazi bila maji safi. Jumanne Ruguru akarudishwa nyumbani bila kutibiwa. Kufikia Alhamisi uso wake ulikuwa umevimba hadi macho yakawa mstari, na ilibidi alale ameketi. Ijumaa asubuhi tukapigiwa simu kwamba nafasi imepatikana Nkubu, kwenye hospitali ya Wakatoliki, lakini ni leo tu, tufike kabla ya mchana.

Nkubu si mlango wa pili. Unashuka Embu, unashika barabara ya Meru, unapita Runyenjes na Chuka, na njiani barabara inatumbukia kwenye bonde la mto, inapanda, inatumbukia tena. Gari la umeme la kampuni ya Mugendi tusingelipata likiwa na chaji, nguzo za stima zilikuwa chini tangu Jumatano. Gachoki alikuja mwenyewe, amevaa buti za shambani, funguo mkononi.

"Ndambiri, wacha nimpeleke na yangu. Hii ni ya petroli tu, haina mambo mingi."

"Atatapika hadi afike amekufa," Ndambiri akamjibu. "Yangu iko hapa, na iko na mafuta."

Nilikubaliana naye. Nilimwona Ruguru jinsi alivyokuwa anavuta pumzi, na sikutaka harufu ya petroli imkaribie.

Tuliondoka tukiwa tumeomba. Nilimwegemeza Ruguru kwangu, mito huku na huku. Pumzi yake ilikuwa na sauti ya maji, kama uji unaochemka chini kwa chini. Hakuimba wala hakuzungumza. Kila tulipofika kwenye bonde, niliona mkono wa Ndambiri ukienda kwenye kigia, na gari likatulia likashuka kimya. Kila tulipopanda upande wa pili, lililia zaidi kuliko kwenye bonde lililotangulia. Kwenye kile kioo cha mita, mbele ya usukani, kulikuwa na picha ndogo ya betri yenye mistari, na mistari ilikuwa ikipungua. Niliiona. Nilidhani ni mafuta, nikasema moyoni tutajaza Chuka. Ndambiri pia aliiona. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Chuka tukapita bila kusimama, tukafika Nithi. Wanaoijua barabara ile wanajua mteremko wa Nithi, na wanajua ni watu wangapi wa kwetu wamelala pale. Nilishika msalaba wa shingoni mwangu. Ndambiri aliushuka mteremko ule kwa ustadi ambao sitausahau, polepole, laini, kimya kabisa, kila kona ameikata kama anayebeba maziwa kwenye sufuria wazi. Na Ruguru, ambaye hakuwa amelala tangu Jumanne, akalala. Kichwa kikawa kizito begani kwangu. Nilimshukuru Mungu, na nikamshukuru shemeji yangu kwa sauti.

"Amelala, Baba Kaari. Asante."

Aliitikia kwa kichwa. Tukavuka daraja, akarudisha gia, tukaanza kupanda.

Hatukufika juu. Injini ililia, ile pembetatu nyekundu ikawaka na safari hii haikuzimika, mwendo ukapungua hadi mtu wa miguu angetupita, kisha gari likasimama. Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena na tena, kwa kidole gumba, kwa nguvu, kana kwamba kitufe ndicho kimekataa. Akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akavunja matawi ya miti na kuyatandaza barabarani ili wenye magari wajue kuna gari limekwama. Alifanya yote hayo haraka na sawasawa, kazi ya maisha yake. Kisha akasimama katikati ya barabara na kuinua mikono.

Magari ya miraa yalipita yakielekea chini, yakipiga honi, hayasimami kwa mtu maana mzigo wao unanyauka. Ya kupanda yalikuwa machache asubuhi ile, na yaliyokuja yalikuwa yamejaa. Ndani ya gari, Ruguru alifungua macho.

"Tumefika?"

"Karibu," nikamwambia.

"Nimelala vizuri," akasema. "Mwambie Baba Kaari nimelala vizuri."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya kueleweka. Baada ya hapo ilikuwa ni kutafuta hewa tu. Nilifungua milango yote, nikampepea kwa leso, nikamwita kwa jina la utotoni. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Nilipiga kelele hadi Ndambiri akarudi mbio, akatazama, akakimbia tena barabarani, na gari lililokuja akasimama mbele yake kabisa, kama mtu anayetaka kugongwa.

Ilikuwa pikapu kuukuu ya petroli imebeba ndizi. Dereva, mzee wa Meru, alitufungulia mlango. Tulimweka Ruguru mbele katikati yetu, Ndambiri akarukia nyuma juu ya mikungu. Harufu ya petroli ilijaa mle ndani, na dada yangu hakutapika. Hakuwa na habari nayo. Pikapu ile ilipanda mlima wa Nithi bila kusita.

Alikata roho tulipokuwa tukipita Igoji. Nilijua mara moja, kwa sababu ile sauti ya maji ilikoma. Mzee alinitazama. Nikamwambia aendelee tu. Nyuma yetu, kupitia kioo, niliona koti la Ndambiri, amepiga magoti juu ya ndizi, ameshikilia vyuma kwa mikono yote miwili.

Tulipoingia hospitalini aliruka kabla gari halijasimama. Nilimwona akikimbia, suruali imejaa utomvu wa ndizi, akaingia ndani, na akatoka anasukuma kiti cha magurudumu yeye mwenyewe, bila kumngoja muuguzi. Alikileta hadi mlangoni mwa pikapu, akakifunga breki, akaninyooshea mikono nimpe mkewe. Ikabidi nimwambie.

Joyline ndiye aliyekwenda kulivuta gari kutoka Nithi. Siku ya pili ya matanga alinivuta kando, macho mekundu, akaniuliza kama mzee alikuwa bado anateremka na frii. Nikamwuliza frii ni nini. Akaniambia kila kitu. Nilikaa juu ya kuni nyuma ya jiko na nikauona ule mkono, bonde baada ya bonde. Kama Ndambiri angetokea wakati ule, ningempiga kwa kuni. Niliwaza hata kusimama mazishini niseme. Lakini kila nilipofungua mdomo nilimsikia Ruguru, mwambie nimelala vizuri. Ujumbe huo sikuufikisha. Nilikaa nao mwezi mmoja na zaidi.

Siku moja, ilikuwa Jumanne, nilisikia honi kwenye kona ya chini. Nilitoka nikamkuta Ndambiri getini kwangu na gari lile jeupe. Joyline alikuwa ameliwekea betri nyingine.

"Mama Mugendi, twende mjini kidogo."

Nilipanda. Sikuketi mbele, niliketi mahali pangu nyuma. Mito ya Ruguru ilikuwa bado pale. Tulipofika kwenye mteremko, mkono wake ulienda kwenye kigia, na nikajikaza. Akavuta hadi ile B. Injini ikanguruma. Tulishuka tukingurumiwa njia yote kutoka Kibugu hadi Embu, kona kwa kona, na hakuna aliyesinzia. Watu waliokuwa wakichuma majani kando ya barabara waliinua vichwa kutazama ni mgeni gani huyu asiyejua kuendesha.

Alisimama nje ya geti la hospitali, mahali alipozoea kusimama, akazima redio ambayo haikuwa imewashwa. Aligusa kile kioo cha mita kwa kidole, penye picha ya betri.

"Angalia," akasema. "Imejaa."

Nilitazama. Mistari yote ilikuwa pale, kijani, hadi juu. Baadaye wanaoishi karibu na barabara waliniambia kwamba amekuwa akifanya hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa tangu gari litoke gereji, peke yake. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa, na nilikuwa nimeyanoa vizuri. Nikatazama kisogo chake, nywele zimekuwa nyeupe zote, nikayaacha.

"Ruguru alisema nikwambie alilala vizuri," nikasema.

Hakugeuka. Alilia bila sauti, mikono juu ya usukani, na mimi nililia nyuma yake kwa hasira na kwa huzuni, sijui ipi ilikuwa kubwa. Walinzi wa geti walitutazama kisha wakatazama pembeni, wamezoea. Tulipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa koti, akageuza gari, tukashika njia ya nyumbani. Lilipanda mpaka Kibugu bila shida hata kidogo.